Safari ya Kwanza ya Chombo Kipya: Maisha ya David Livingstone

Mfululizo: Waliotutangulia
Maandiko ya kusoma nyumbani: 2 Mambo ya Nyakati 20:35-37, Luka 14:28-30, Matendo ya Mitume 27

Jumapili iliyopita tulitazama merikebu za mfalme Yehoshafati, zile alizounda kule Esion-geberi akishirikiana na Ahazia mfalme wa Israeli. Zilikuwa mpya kabisa, na zilivunjika kabla ya kwenda safari hata moja. Swali ambalo mahubiri yale yalituachia ni hili: mtu wa Mungu akiona chombo kipya kinang'oa nanga kwa mara ya kwanza, apande au asubiri wengine wajaribu?

Hili swali si la watu wa baharini peke yao. Hapa Eldoret hatuna bahari, lakini vyombo vipya tunavyo kila wiki. Kuna sacco mpya. Kuna kampuni mpya ya ploti kule Kapseret au Moiben. Kuna programu mpya ya kupeleka vijana kusoma ng'ambo, na mzazi anaambiwa akilipa sasa mtoto ataingia kundi la kwanza. Watu wameuza ng'ombe, wengine wameuza shamba, ili tu wasiachwe na safari ya kwanza. Na wengine nao wamekaa tu pwani miaka kumi wakiogopa kila kitu, mpaka maisha yamewapita.

Nilisomea mambo ya biashara kabla sijaingia huduma, na darasani tulifundishwa kupima faida na hasara. Leo nataka tupime kwa kutumia maisha ya mtu ambaye wengi wetu tulisoma habari zake shule ya msingi, David Livingstone. Tulifundishwa kwamba alikuwa mtembezi. Lakini katikati ya maisha yake, kwa miaka sita, Livingstone alikuwa mtu wa meli. Alipanda vyombo vitatu, vyote vipya. Vile vyombo vilimpa jina, vikamnyang'anya mke, vikamla pesa, na bado Mungu akatoa kitu humo ndani.

KIJANA WA KIWANDA CHA PAMBA

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Scotland, katika jamaa maskini. Akiwa na miaka kumi aliingia kiwanda cha pamba, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Alikuwa anakiegemeza kitabu kwenye mashine, anasoma sentensi moja kila akipita. Hivyo ndivyo alivyofika chuo, akasomea udaktari huko Glasgow, na akajitoa kwa Shirika la Misheni la London.

Alifika Cape Town mwaka wa 1841. Mwaka wa 1844 simba alimvamia kule Mabotsa na kumvunja mkono, na ule mkono haukupona vizuri maisha yake yote. Mwaka uliofuata alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari Robert Moffat wa Kuruman. Wakapata mtoto wa kwanza, Robert, na wenyeji wakamwita Mary vile sisi tunavyoita mama yeyote, kwa jina la mtoto wake: Ma-Robert. Shikeni hilo jina, tutarudi kwalo.

Kati ya 1853 na 1856 Livingstone alifanya safari iliyomfanya ajulikane duniani. Alitoka Linyanti hadi Luanda upande wa Atlantiki, akarudi, akavuka bara lote hadi Quelimane upande wa Bahari ya Hindi. Aliporudi Uingereza alipokelewa kama shujaa. Kitabu chake cha 1857 kiliuzwa nakala elfu sabini hivi, na kijana wa kiwanda akawa na pesa. Ndipo akawaambia Waingereza kwamba mto Zambezi ni barabara kuu ambayo Mungu ameiweka kuingia katikati ya Afrika. Meli ipande mto, ipeleke injili na biashara halali, na biashara ya watumwa itakufa yenyewe. Serikali ikakubali. Ikampa cheo cha balozi, watu wa kazi, na meli mpya.

CHOMBO CHA KWANZA: MA ROBERT

Mnamo Machi 1858 Livingstone aliondoka Liverpool kwa meli iliyoitwa Pearl. Ndani yake kulikuwa na chombo kingine kimelazwa vipandevipande, mashua ya mvuke ambayo ingeunganishwa mdomoni mwa Zambezi. Aliipa jina la mke wake, Ma Robert.

Hii mashua ilikuwa na ujuzi mpya wa wakati huo. Haikuundwa kwa chuma cha kawaida, iliundwa kwa mabati membamba ya chuma cha pua, unene wake moja ya kumi na sita ya inchi. Kwenye karatasi ilikuwa ajabu: nyepesi, inaelea kwenye maji machache, inafaa mto. Shida ni kwamba ilikuwa haijajaribiwa mahali popote panapofanana na Zambezi. Tanuri lake lilikula kuni kupita kiasi, na watu walitumia siku nyingi kukata kuni kuliko kusafiri. Mitumbwi ya wenyeji ilikuwa inaipita. Ilikohoa na kupumua kwa shida mpaka Livingstone akaibandika jina la mgonjwa wa pumu. Halafu yale mabati yakaanza kutoboka. Walipoziba tundu moja, lingine likafunguka. Mnamo Desemba 1860 ilikwama kwenye mchanga, ikajaa maji, na huo ukawa mwisho wake. Haikumaliza miaka mitatu.

Lakini wapendwa, chombo hakikuwa shida kubwa kuliko zote. Shida kubwa ilikuwa njia. Alipovuka Afrika mwaka wa 1856, Livingstone alikata njia ya mkato karibu na mahali panapoitwa Kebrabasa, hakuupita mto wenyewe. Aliambiwa kuna maporomoko madogo, akaamini kwamba meli inaweza kupita. Mnamo Novemba 1858 akaenda kujionea. Alikuta maji yanaanguka kati ya kuta za mawe, kilomita nyingi, mahali ambapo hakuna meli ya dunia hii ingepita. Leo hapo ndipo penye bwawa kubwa la umeme la Cahora Bassa, nchini Msumbiji. Barabara kuu aliyoitangaza Uingereza nzima ilikuwa imefungwa, na yeye alikuwa hajaikagua.

Kiongozi naye alikuwa mpya kwa kazi yenyewe. Livingstone alizoea kutembea na Waafrika, akiwa Mzungu peke yake. Sasa alipewa Wazungu wa kuongoza, na hakuweza. Afisa wa jeshi la majini, Bedingfeld, ambaye ndiye alijua meli, aligombana naye akaondoka miezi michache tu baada ya kufika. Mchoraji Thomas Baines alifukuzwa kwa tuhuma za wizi ambazo hazikuthibitishwa. Baada ya Bedingfeld kuondoka, Livingstone alishika usukani mwenyewe, daktari ambaye hakuwa nahodha. Alijifunza akiwa ndani ya mashua inayovuja.

CHOMBO CHA PILI: PIONEER

Kebrabasa ilipomfungia mlango, Livingstone aligeuza Ma Robert akapanda mto Shire, unaoingia Zambezi kutoka kaskazini. Akakuta maporomoko tena, lakini safari hii aliacha mashua akaenda kwa miguu, na Septemba 1859 akafika Ziwa Nyasa. Huko aliona kitu kilichobadilisha maisha yake: misafara ya watumwa ikivuka ziwa kuelekea Kilwa na Zanzibar, na vijiji vimebaki magofu.

Mwanzoni mwa 1861 serikali ikamletea meli ya pili, Pioneer. Ilikuwa imara, si kama ile ya kwanza. Lakini ilikaa ndani sana majini, futi tano mahali ambapo mto ulitaka tatu, na Shire ilikuwa na mchanga kila kona. Siku baada ya siku watu walikuwa kwenye maji wakivuta kamba kuikwamua. Yaani walirekebisha kosa la Ma Robert wakatengeneza lingine upande wa pili.

Pamoja na Pioneer alikuja Askofu Charles Mackenzie na wenzake wa misheni ya vyuo vikuu, UMCA. Walikuja kwa sababu waliamini maneno ya Livingstone. Mnamo Julai 1861 wakiwa pamoja walikutana na msafara wa watumwa, wale waliokuwa wakiulinda wakakimbia, na watu 84 wakafunguliwa. Kati yao kulikuwa na kijana aitwaye Chuma. Mshikeni na huyu, tutamhitaji mbele.

Januari 1862 Askofu Mackenzie alikufa kwa homa. Mtumbwi wake ulikuwa umepinduka, dawa zote za kwinini zikaenda na maji.

CHOMBO CHA TATU: LADY NYASSA

Livingstone hakukata tamaa. Aliona kwamba meli moja ya mvuke ikielea kwenye Ziwa Nyasa inaweza kukata njia ya wafanyabiashara wa watumwa. Serikali haikutaka kuilipia, kwa hivyo akatoa pesa zake mwenyewe, zile za kitabu, pauni 6,000 hivi. Hizo zilikuwa akiba ya watoto wake. Akaagiza meli inayofunguka vipande ili ibebwe kupita maporomoko ya Shire. Akaiita Lady Nyassa.

Vipande vyake vilifika mwanzoni mwa 1862 pamoja na mtu ambaye hajamwona kwa miaka karibu minne, mkewe Mary. Alikuwa ameanza safari naye mwaka wa 1858, lakini akagundulika ana mimba, akaachwa Cape Town. Sasa alikuwa amekuja akae naye. Kazi ya kuunganisha meli ikachelewa, na wote wakakaa nyanda za chini wakati mbaya wa homa. Mary alikufa Shupanga tarehe 27 Aprili 1862, akazikwa chini ya mbuyu. Miezi miwili baadaye Lady Nyassa iliingizwa majini hapo hapo, karibu na kaburi lake.

Meli hiyo haikufika ziwani kamwe. Waliipandisha hadi chini ya maporomoko, wakaanza kuifungua na kukata barabara, lakini nchi ilikuwa imeharibiwa na njaa na vita vya watumwa. Katikati ya 1863 barua ikafika kutoka London: safari imefungwa, rudini nyumbani.

Sasa afanye nini na meli? Wanunuzi walikuwepo pwani, lakini alijua ikiangukia mikono ile itabeba watumwa. Alikataa kuiuza huko. Akaamua kuipeleka Bombay, India, avuke Bahari ya Hindi kwa chombo kilichoundwa kwa ajili ya ziwa. Aliondoka Zanzibar tarehe 30 Aprili 1864 akiwa na tani 14 za makaa, Wazungu watatu, na Waafrika tisa ambao wengi wao hawakuwa wanajua kazi ya bahari. Chuma alikuwepo. Susi wa Shupanga alikuwepo. Mhandisi hakuwepo. Nahodha alikuwa Livingstone mwenyewe, mwanafunzi wa Ma Robert. Ilikuwa maili 2,500, na walitakiwa wafike kabla dhoruba za msimu hazijafunga pwani ya India. Upepo ulikufa, wakaelea siku nyingi bila kusonga. Tarehe 13 Juni, siku 45 baada ya kuondoka, waliingia bandari ya Bombay. Meli ilikuwa ndogo kiasi kwamba hakuna mtu aliyeona imefika.

Baadaye Lady Nyassa iliuzwa pauni 2,300. Livingstone akaziweka kwenye benki huko Bombay, na hiyo benki ikaanguka. Akiba ya watoto ikaisha yote.

SASA TUPIME: FAIDA

Faida ya kwanza: aliyetangulia aliona kile ambacho wengine hawakuona. Bila ile mashua mbovu kupanda Shire, dunia ingechelewa kujua yaliyokuwa yakitendeka Nyasa. Kuna mambo ambayo Mungu anaonyesha tu yule aliyekubali kutoka pwani. Ibrahimu hakuonyeshwa ramani kwanza, alianza kutembea.

Faida ya pili: safari ya kwanza hufundisha, hata ikishindwa. Mwaka wa 1875, miaka miwili baada ya Livingstone kufa, Kanisa Huru la Scotland lilipeleka meli ya mvuke iliyoitwa Ilala. Kiongozi wake alikuwa E. D. Young, mtu aliyewahi kufanya kazi na Livingstone kwenye Pioneer. Yeye alijua kina cha Shire. Alijua maporomoko yako wapi. Vipande vya Ilala viliundwa ili viweze kubebwa na wapagazi, na mamia ya wenyeji wakavibeba kupita maporomoko. Oktoba 1875 Ilala ikawa meli ya kwanza ya mvuke kuelea Ziwa Nyasa. Ile ndoto haikuwa ya uongo, ilihitaji safari ya pili.

Faida ya tatu: chombo kipya kinaunganisha watu. Siku 45 za hatari kwenye Lady Nyassa ziliwafunga pamoja Livingstone, Chuma na Susi, na hiyo kamba haikukatika mpaka kaburini.

TUPIME TENA: HASARA

Hasara ya kwanza: anayepanda chombo kipya ndiye anayekuwa majaribio. Aliyeunda Ma Robert alibaki Uingereza. Tundu zilipofunguka, maji hayakumlowesha yeye. Wapendwa, mtu akikuuzia kitu kipya muulize amepanda na nani. Je, pesa zake ziko ndani? Mtoto wake yuko kwenye hilo kundi la kwanza? Hapa kwetu wakimbiaji wanaelewa hili kuliko maprofesa. Hakuna mwanariadha wa Eldoret anayevaa kiatu kipya siku ya marathoni. Anakizoea kwanza kwenye mazoezi. Na mkulima wa Uasin Gishu akiletewa mbegu mpya ya mahindi, hapandi ekari zote. Anapanda kipande, anangoja mavuno, ndipo anaongeza. Hiyo si kukosa imani. Ni Luka 14, kuketi kwanza na kuhesabu gharama.

Hasara ya pili: shauku hufanya mtu aruke ukaguzi. Kebrabasa haikujificha. Ilikuwepo mwaka wa 1856, na wenyeji walikuwa wanaijua. Kilichokosekana ni mtu kutenga siku chache akaangalie. Watu wengi wanaopoteza pesa hawapotezi kwa sababu ya shetani, wanapotea kwa sababu hawakwenda ofisi ya ardhi kutafuta hati ya ploti. Hiyo ni safari ya asubuhi moja tu.

Hasara ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: bei ya safari ya kwanza mara nyingi hulipwa na wale waliokuamini. Kwa neno la Livingstone, Shirika la Misheni la London lilipeleka familia za Holloway Helmore na Roger Price kwa Wamakololo huko Linyanti. Livingstone mwenyewe hakuwa hapo kuwapokea. Mwaka wa 1860 Helmore alikufa, mkewe akafa, watoto wao wawili wakafa, na mke wa Price na mtoto wao mchanga wakafa. Kisha Mackenzie. Kisha Mary. Na yule Robert ambaye jina lake lilikuwa kwenye mashua? Alikua bila baba, akaenda Marekani, akaingia vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa jina la bandia, akafa Desemba 1864 katika kambi ya wafungwa huko North Carolina. Binti mdogo, Anna Mary, aliyezaliwa mwishoni mwa 1858, alimwona baba yake kwa mara ya kwanza akiwa na miaka mitano.

Sisemi hili ili tumhukumu. Nasema ili baba wa nyumba anayesoma hapa ajue kwamba ukipanda chombo kipya hupandi peke yako. Karo ya watoto imepanda. Mke amepanda. Ukiwa kiongozi wa kikundi au wa kanisa, na watu wakatoa pesa kwa sababu wewe ndiye ulisimama ukawahimiza, hao wote wako ndani ya meli. Katika Matendo 27 walikuwa nafsi 276 ndani ya merikebu, na walioamua kusafiri ni wachache tu.

Na kuna hasara ya nne, ambayo sisi Waafrika hatuwezi kuinyamazia. Njia aliyoifungua Livingstone kwa nia ya kuzuia utumwa, wengine waliipita baadaye kwa nia ya kuchukua nchi. Anayefungua mlango hachagui wote watakaoingia.

MWISHO WA SAFARI YAKE

Livingstone alirudi Zanzibar Januari 1866 akiwa na Chuma na Susi. Safari hii hakuwa na meli ya kupandisha mto. Aliingia bara kwa miguu kutoka pwani ya kusini mwa Tanzania ya leo. Mwaka wa 1867 sanduku lake la dawa liliibwa, na kutoka hapo mwili wake ukawa unashuka. Mwaka huo huo alifika ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, akaandika jina aliloambiwa na wenyeji, Liemba. Ile meli ya zamani ya Kijerumani, Graf von Götzen, iliyoingizwa majini Kigoma mwaka wa 1915, ikazamishwa na wenyewe mwaka uliofuata, ikaibuliwa na kurudi kazini mwaka wa 1927, ilipewa jina hilo. Kumbe chombo kilichozama kinaweza kuamka kikatumika tena miaka mingi.

Julai 1871 alikuwa Nyangwe, Kongo ya mashariki, aliposhuhudia wafanyabiashara wa watumwa wakiua mamia ya watu sokoni, wengi wao wanawake. Taarifa yake ilipofika Uingereza watu hawakuweza tena kunyamaza. Alikufa usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Mwezi uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Livingstone hakuiona siku hiyo. Lakini wale UMCA waliozika askofu wao Shire walihamia Zanzibar, na mahali palipokuwa soko la watumwa Mkunazini wakajenga kanisa. Linasimama mpaka leo.

Na Chuma na Susi? Walizika moyo wa Livingstone chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba pamoja na wenzao kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo, ambako walifika Februari 1874. Walikuwa wanaweza kumzika hapo hapo waende zao, na hakuna ambaye angewalaumu. Mwili ulizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Ukiniuliza ni kitu gani Livingstone alitoa nacho katika zile meli tatu, sitakutajia meli. Ma Robert ilizama, Lady Nyassa iliuzwa, pesa zilipotea benki. Alitoka na watu.

KWETU SISI

Kwa hivyo tupande au tusipande? Maandiko hayatupi jibu moja. Safina ya Nuhu ilikuwa safari ya kwanza na ya pekee, na kubaki nje kulikuwa mauti. Lakini vipimo vyake vilitoka kwa Mungu mwenyewe. Merikebu za Yehoshafati nazo zilikuwa mpya, na Mungu akazivunja kwa sababu ya mshirika wake. Meli ya Paulo haikuwa mpya, na bado ilivunjika kwa sababu akida aliamini nahodha na mwenye merikebu kuliko onyo aliloletewa. Upya wa chombo siyo hoja. Uliza ni nani ameagiza safari, unashirikiana na nani, na umekagua nini.

Wiki hii, kabla hujatuma pesa yoyote kwa jambo jipya, fanya mambo matatu. Kwanza, lipeleke katika maombi ukiwa na mwenzi wako wa ndoa, si peke yako. Pili, tembelea Kebrabasa yako: nenda ofisini, ona hati, ongea na mtu aliyewahi kupita hapo. Tatu, weka kiasi ambacho ukikipoteza watoto bado watakwenda shule. Ukimaliza hayo na amani ya Mungu ipo, panda. Usikae pwani mpaka uzeeke.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Livingstone alikuwa na imani kubwa, lakini hakukagua Kebrabasa. Imani na ukaguzi vinakutana wapi katika maisha yako?
2. Taja watu walio ndani ya meli yako leo. Je, waliulizwa kabla ya kuondoka?
3. Kuna jambo ambalo Mungu amekuambia uanze, na wewe umeendelea kungoja mtu mwingine atangulie? Ni lipi?
4. Yehoshafati alikuwa mfalme mwema. Kwa nini ushirika wake na Ahazia uliharibu kazi nzuri?

Mambo ya kuombea

Tuombee familia za ushirika huu ambazo zimepoteza akiba katika mambo mapya, Bwana awarudishie na awaponye na uchungu kati ya mume na mke. Tuombee vijana wanaongoja safari za ng'ambo, wapewe viongozi wa kweli. Tuombee wazee wa kanisa hekima kila wanapoanzisha mradi kwa sadaka za watu. Na tuombee Malawi, Msumbiji na Zambia, nchi ambazo mito yake ilibeba habari hii, injili iendelee kukimbia huko.